Spiriti si dawa ya kila santuri

Nimekuwa kimya, kazi ilinibana. Leo naweka programu pembeni nizungumzie maji ya kusafishia santuri. Msicheke, mwisho wake ni ule ule wa kompyuta: data isiyo na nakala.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Nyamira. Baba mdogo akanitolea sanduku la santuri za marehemu babu, akataka niziingize kwenye kompyuta ili familia izisikilize kwa simu. Zilikuwa zimekaa darini juu ya jiko la kuni. Mnajua hali ya huku: masizi, vumbi jekundu, na kwa mvua zetu, ukungu.

Nilishasoma mahali kwamba alkoholi husafisha santuri. Nikashuka Kisii mjini, nikanunua chupa ya spiriti, nikaanza. Zile ndogo mbili za kwanza zilitoka safi. Ya tatu ilikuwa kubwa, nzito, ya mizunguko 78 kwa dakika. Kitambaa kikawa cheusi tii. Nikafurahi, nikidhani ni masizi, nikazidi kusugua. Baba mdogo akaangalia kile kitambaa, akaniuliza:

"Sasa hapo umesafisha, ama umefuta?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefuta wimbo.

Sababu ni rahisi na ningeijua kabla kama ningeuliza. Santuri nyingi za 78 hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu fulani wa Asia, ukachanganywa na unga wa mawe. Alkoholi huyeyusha shelaki. Fundi seremala anayepaka vanishi ya shelaki huichanganya na spiriti hiyo hiyo. Santuri ndogo za 45 na zile kubwa za 33 kwa kawaida ni vinili, yaani PVC, ndugu ya mabomba ya maji. Hizo haziyeyuki kwa spiriti, lakini spiriti ya dukani si alkoholi tupu. Huongezwa vitu ili isinyweke, pengine na rangi, na vingine hubaki mferejini ikishakauka.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: swali la "nitumie dawa gani?" ni la tatu. La kwanza, sahani hii ni ya nini? La pili, kuna nyingine kama hii? Nyimbo za Ekegusii za kina Christopher Monyoncho zilitoka kwenye santuri za 45 kabla ya kaseti kuteka soko miaka ya 1980. Za wanamuziki wasiojulikana sana hazijarudiwa kokote. Iliyo darini kwenu huenda ndiyo ya mwisho, na sahani haina Ctrl+Z.

Kutambua si kazi. Ya 78 ni nzito, ngumu, haipindiki, na ikianguka inavunjika kama sahani ya chakula. Vinili ni nyepesi na hupinda kidogo. Ukiwa na shaka, chukulia ni shelaki, spiriti ikae mbali.

Sasa dawa yenyewe. Kuna chupa ndogo za kutoka ng'ambo zinazouzwa ghali kwa maneno mengi. Sinunui. Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe hutumia maji yaliyoondolewa madini na sabuni kidogo sana ya maabara iitwayo Tergitol. Sisi tunaweza kukaribia hapo hapa hapa Kisii:

1. Maji yaliyotoneshwa, lita moja. Vituo vya mafuta huuza ya kuongezea betri za gari. Soma chupa mara mbili! Ikiandikwa asidi, iache. Na maji ya kuchemsha si mbadala: kuchemsha huua vijidudu, madini yanabaki.

2. Tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na rangi wala manukato. Kazi yake ni kuyafanya maji yaingie mferejini badala ya kusimama matone matone. Omo, Jik na mafuta ya taa, hapana kabisa.

3. Pangusa vumbi kavu kwanza, nje ya nyumba kama kuna ukungu. Funika karatasi ya katikati kwa kifuniko cha plastiki cha sentimita 9 au 10. Kisha tumia brashi laini ukizunguka na mifereji, usiikate.

4. Suuza mara mbili kwa maji matupu yale yale. Hapa ndipo wengi hukosea. Sabuni isiyosuuzwa ni uchafu mpya. Shelaki iguse maji kwa muda mfupi tu, usiiloweke.

5. Kausha kivulini, imesimama kwenye kichanio cha vyombo. Jua litaikunja kama chapati.

Anza na sahani usiyoijali. Sisi waandishi wa programu hatujaribu kitu kipya kwenye mashine ya mteja, lakini mimi nilijaribu kwenye santuri ya babu.

Zilizobaki sasa ziko kwenye kompyuta na nakala mbili pembeni. Baba mdogo anazicheza kwa simu akichuma chai. Ile ya 78 bado ninayo. Upande mmoja una doa la kijivu, sindano ikifika hapo inalia tu. Upande wa pili sikuugusa, na unaimba.

Kama kwenu kuna sanduku la aina hiyo, usikimbilie duka la dawa. Niandikie kwanza.