"Tutachaji Hukohuko": Hukohuko Wapi, Dada?

Wadau, ile klipu mmeiona. Dada yetu mmoja wa mjini (jina nalihifadhi, wenye macho mshamjua) kajirekodi yuko Tegeta ndani ya gari lake la umeme, miwani mikubwa, ngoma yake mwenyewe inapiga, safari ya Bagamoyo kula bata. Kamera inapita kwenye dashibodi, asilimia 58. Rafiki yake aliyekaa nyuma anauliza, "Shosti, chaji itatosha?" Anajibu bila wasiwasi: "Tutachaji hukohuko." Klipu ya pili ni usiku, gari liko juu ya brekidauni, na watu wanacheka mpaka leo.

Mimi sikucheka. Si kwamba nina roho nzuri sana. Yule dada ni mimi kabisa, tofauti yetu ni kwamba mimi sina wafuasi.

Wengi wanaocheka wanalaumu gari. "Hayo ni ya Ulaya, Bongo hayafai." Hapo nakataa. Kutoka katikati ya jiji mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70, kwenda na kurudi 140. Lami tupu, hakuna milima. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, kote huko kuna makazi na vibao vya 50, na trafiki na tochi zao wamejibanza kwenye mti. Kwa gari la mafuta hiyo ni kero. Kwa la umeme ni neema, maana kinachomaliza betri haraka ni mwendo: ukikimbia mara mbili, ubishi wa upepo unapanda mara nne. Hata foleni ya Mwenge hailiumizi sana. Likisimama limesimama, hakuna injini inayounguruma bure, kinachokula hapo ni kiyoyozi. Ukipunguza mwendo, umeme kidogo unarudi kwenye betri. Yaani ukiniuliza mimi, hakuna safari inayolifaa gari la umeme kama hii.

Shida ni hesabu. Na hesabu yenyewe si ngumu, ila tunaogopa kuonekana tumechemka.

Chukua Nissan Leaf, ambazo ndizo watu wanazozitamani kutoka Japani kwa sababu za zamani bei yake inavutia. Ile ya kwanza, ya betri ya kilowatisaa 24, katalogi ya Japani iliiandikia kilomita 200. Wamarekani walipoipima wenyewe, ikiwa mpya, wakaipa 117. Soma tena: 117, ikiwa mpya kabisa. Bagamoyo na kurudi ni 140. Sasa wewe unainunua ina miaka zaidi ya 10, betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, inategemea hewa tu, na joto ndilo linalochosha betri. Muuzaji anakutajia 200 ya katalogi, na wewe unaiposti 200. Kwenye dashibodi kuna vijimstari 12 vya afya ya betri, vimepangwa pembeni ya vile vya chaji. Hivyo ndivyo vya kuangalia kabla hujalipa hata senti. Ile ya kilowatisaa 40 iliyokuja baadaye, Wamarekani waliipa 243 ikiwa mpya. Hiyo ikiwa na afya inakwenda na kurudi na bado unapita Mlimani City kununua aiskrimu.

Basi nirudi kwenye aibu yangu. Mwaka jana niliazima gari la umeme la mshikaji, aina siitaji. Akaniambia linatembea kilomita 150. Tukatoka Sinza tukiwa wanne: mimi, mama, binamu na mdogo wangu wa kike, ambaye ni nesi na alikuwa na zamu ya usiku, kuingia saa mbili. Aliniuliza mara mbili kabla ya kupanda. Nikamwambia saa kumi na mbili utakuwa nyumbani unaoga.

Tumetoka na asilimia 96. Tumefika Bagamoyo na 41. Mtoto wa darasa la nne angejua hapo kuna jambo. Kwenda kumekula 55, zimebaki 41, kurudi kunatoka wapi? Niliiona ile namba saa tano asubuhi, nikakausha. Tukaenda magofu ya Kaole, mama akapigwa picha, tukala pweza, tukakaa ufukweni. Masaa matano mazima ya kutafuta soketi, na mimi nimejaza tumbo na siri.

Mapinga, saa kumi na moja jioni, asilimia 15. Kiyoyozi nimezima, vioo chini, mama anajipepea na kanga. Mdogo wangu akaniambia taratibu, "Kaka, niambie ukweli, tunafika?" Hapo ndo nilipaswa kusema hapana. Kulikuwa bado na mwanga, daladala zinapita, angewahi bila shida. Nikamwambia tunachaji dakika 20 tu, tukapaki kwenye duka moja, mwenye duka akatuonea huruma. Dakika 20 ikawa nyingine, ikawa nyingine. Soketi ya kawaida ya ukutani inakupa kama uniti mbili kwa saa, na uniti moja ni kilomita sita hivi. Nilihitaji kilomita zaidi ya 30. Piga mwenyewe. Ekstensheni tuliyoazimwa ilikuwa ya kuchajia simu, ikashika moto mpaka mwenye duka akaichomoa kwa hofu ya nyumba yake, na alikuwa sahihi.

Saa moja na nusu usiku mdogo wangu alipanda bodaboda, gizani, barabara ya malori. Alifika kazini saa tatu. Mwenzake aliyekuwa anamsubiri ampokee zamu alikuwa amesimama tangu asubuhi. Wiki ile akapewa barua ya kujieleza. Akaandika kwamba alipata dharura ya usafiri. Dharura yenyewe ni mimi.

Kwa hiyo ninaposikia "tutachaji hukohuko" nauliza: hukohuko wapi? Mpigie simu mtu wa gesti kabla hujatoka nyumbani. Ana soketi karibu na maegesho? Umeme ukikatika, jenereta inawashwa muda wote au usiku tu? Utamlipa kiasi gani kwa saa? Nenda na waya mnene wa kwako. Ukila mchana kwa saa tatu gari likiwa limechomekwa, umeongeza kama kilomita 36, ambazo kwa wengi wetu ndizo zinazotofautisha kurudi kwa raha na kurudi juu ya brekidauni.

Na usiniambie gharama. Safari nzima ni uniti 24 mpaka 27, inazungukia elfu tisa, kumi ya LUKU, wakati gari la mafuta linalokwenda kilomita 10 kwa lita linakunywa lita 14. Ila kama nyumbani mko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, gari litawatoa humo na wapangaji wenzako watakutafuta.

Jambo jingine la haraka, la watu wa kuendesha mpaka mchangani kwa ajili ya picha: gari hizi ni nzito, na bahari haikusubiri. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanapanda juu kuliko siku zote. Paki kwenye nyasi, tembea.

Mdogo wangu alininunia mwezi mzima. Sasa anakuja, ila anakaa mbele na anasoma asilimia kwa sauti kila kilomita 10, mama anasikia, binamu anasikia. Jumapili tulikwenda Kigamboni, South Beach, tukapita darajani. Tumetoka na 94, tumefika na 70. Akaisoma, akaniangalia, akasema, "Haya kaka, sasa kaoge."