Bukavu: Wakaaji wanafagia avenyu, lakini nani analinda kiwanja cha watoto?

Siku ya salongo, katika kartie nyingi za Bukavu, watu wa kwanza kuonekana barabarani si wafanyakazi wa komine. Ni wakaaji wenyewe: mama mwenye ufagio, vijana wenye koleo, mzee wa nyumba kumi anayepita mlango kwa mlango kuamsha wale ambao bado wanalala. Wanatoa sashe na chupa ndani ya kanivo, wanatia mawe kwenye shimo la barabara, wanapanda majani pale udongo unapoanza kuteremka. Kisha takataka inabaki kwenye kona ikingoja gari. Gari likichelewa, mvua inairudisha mulemule ilimotoka.

Viongozi wanasifu sana kazi hiyo. Kusifu hakuombi franka hata moja.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo mashirika ya kartie hayaifanyi vya kutosha, nayo ni kulinda nafasi za wote. Bukavu imekaa juu ya vilima na rasi tano zinazoingia katika ziwa Kivu. Wakati ilipoitwa Costermansville, ilikuwa na watu wachache. Leo Ibanda, Kadutu na Bagira zimejaa, na kila mita iliyo wazi ni feza. Bustani ndogo ya kando ya barabara, kiwanja cha mpira, mteremko ulioachwa bila nyumba kwa sababu haufai kujengwa: asubuhi moja watu wanakuta miti imepigwa pembe nne, na mtu fulani ana karatasi mkononi. Watoto wanahamia barabarani kuchezea katikati ya mapikipiki. Na pale mteremko unapojengwa, anayelipa ni yule anayelala chini yake usiku wa mvua kubwa.

Sheria ya ardhi ya 1973 haikuficha jambo hili. Ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya wote ni ya umma, na haiwezi kupewa mtu binafsi kama haijaondolewa kwanza katika matumizi hayo kwa njia halali. Kwa hiyo mwenye karatasi anapaswa kuulizwa: uamuzi wa kuiondoa uko wapi, na nani aliutia sahihi? Mkaaji mmoja akiuliza hivyo ofisini, ataitwa mkorofi. Shirika lililopata utu wa kisheria kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 2001 linaweza kuandika barua, kudai muhuri wa kupokelewa, na hata kusimama mbele ya tribinali kwa jina lake.

Tena ifanyike mapema. Mashirika mengi yanaanza kupiga kelele wakati msingi umekwisha kumwagwa, na parseli pengine imekwisha kuuzwa mara ya pili. Kupima nafasi, kuipiga picha, kutafuta plani ya zamani, kuacha kopi komine na katika ofisi ya kadastre: hayo yote yanawezekana leo, kabla ya mtu yeyote kufika na miti yake. Viongozi wanabadilika, na katika mji huu wanabadilika kwa ghafla. Kopi iliyo mikononi mwa wakaaji haihami pamoja nao.

Mashirika yenyewe nayo yasijidanganye. Pale ambapo michango inakusanywa bila daftari, na prezidenti ni yuleyule miaka yote, ni rahisi kona ya kiwanja kuuzwa na walewale waliochaguliwa kuilinda. Wapangaji hawaitwi kwenye mkutano, ijapokuwa watoto wao ndio wanaocheza pale. Na usafi ukitajwa, wa kwanza kufukuzwa ni mama anayeuza ndizi na nyanya kando ya bustani, wakati mwenye ukuta uliokula nusu ya njia anasalimiwa kwa heshima. Mama huyo yuko pale tangu asubuhi hadi magaribi. Ndiye anayejua nani alikuja kupima na siku gani. Apewe mstari wake wa kuuzia, na kiti katika komite.

Barua ya ukurasa mmoja na kopi zake mbili haishindi mchango wa salongo moja. Avenyu ambayo bado ina kiwanja inaweza kuipeleka komine juma hili.