Dawa Iliyotoka Udongoni na Mgonjwa wa Singida

Mvua za kwanza zinapoigusa ardhi kavu ya Singida, harufu inayopanda hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria wa udongoni waitwao streptomaisesi. Jamii hiyo ndiyo iliyotupatia dawa mbili mashuhuri za fangasi. Mwaka 1950 Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa Marekani walitangaza nistatini, kutoka udongo wa shamba moja la Virginia. Hadi leo matone yake hutibu utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga. Baadaye katika muongo huohuo ikafuata amfoterisini B, kutoka udongo wa eneo la mto Orinoco, Venezuela.

Hii ya pili ndiyo yenye jambo la kusemwa. Hushambulia mafuta yaliyomo katika utando wa seli za fangasi, lakini seli za binadamu nazo zina mafuta yanayofanana na hayo, hivyo figo huumia. Kwa miaka mingi mgonjwa wa VVU mwenye homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi wa kriptokoka alilazwa hadi wiki mbili, dripu kila siku, damu ikipimwa mara kwa mara. Kwa mtu wa Mkalama au Itigi, hiyo ni nauli, chakula cha anayemuuguza, na shamba lililoachwa bila mtu.

Mwaka 2018 utafiti wa ACTA, ulioihusisha Tanzania, ulionyesha kuwa wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini yatosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dozi moja tu, kubwa, ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe ndogo za mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazo kwa siku 14. Kumpa mgonjwa huyo flukonazo peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini, ni kumpunja.

Lakini dawa haimfikii asiyetambuliwa. Mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 200, akilalamikia kichwa siku kadhaa na malaria haikuonekana, asirudishwe nyumbani na panadoli. Naye asione haya kukitaja kichwa hicho kliniki. Kipimo cha antijeni ya kriptokoka hutoa jibu kwa dakika 10, na huweza kuugundua ugonjwa hata kabla kichwa hakijaanza kuuma.