MTAA HAUPIGI KURA



Wako watu wenye ndimi nyepesi ambao kila uchaguzi ukikaribia huugawa mji wa Zanzibar kama mkate wa mofa. Ati Ng'ambo ni ya hawa, Mji Mkongwe ni wa wale, Darajani ndiyo mpaka, na maneno yamekwisha. Sisi twasema hiyo ni kasumba. Mtaa haupigi kura. Apigaye kura ni mtu, na mtu ana sababu zake.

Hebu tutazame sababu hizo. Mwaka 1958, walipohesabiwa watu, mji huu haukufika hata watu 60,000. Upande mmoja wa pwani zilisimama nyumba za mawe na afisi za serikali. Upande wa pili nyumba za udongo na makuti, zilizojengwa juu ya viwanja vya watu wengine. Ni watu wa Ng'ambo waliogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928. Ni wachukuzi wa bandarini walioanzisha mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Je, watu hao walihitaji kuambiwa na damu yao wampigie nani kura? La! Kodi ilikwisha waambia, na mzigo begani ulikwisha waambia.

Basi Julai 1957, katika uchaguzi wa kwanza, Sheikh Abeid Karume alipata zaidi ya kura 3,000 katika Ng'ambo, na Sheikh Ali Muhsin wa ZNP hakufika 1,000. ZNP haikupata hata kiti kimoja. Lakini nani waliopiga kura siku ile? Wanaume peke yao, wenye miaka 25 na zaidi, tena wenye sifa za mali, mapato au elimu alizozitaka mkoloni. Mama zetu wote walifungiwa nje! Asemaye kwamba kura za 1957 zilionyesha moyo wa mji mzima, amesahau nusu ya mji.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi walipopotea. Chukueni chaki. Yapo majimbo matatu. Katika la kwanza chama chapata kura 3,000 na mpinzani 500. Katika la pili na la tatu chapata 900, na mpinzani 1,000. Jumlisheni: chama kina kura 4,800, mpinzani 2,500. Nani mshindi? Mpinzani, kwa viti viwili kwa kimoja!

Huo si mchezo wa darasani. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Julai 1963, ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, wakaungana, wakashika serikali. Kura za ASP zilirundikana katika ngome zake za Unguja, Ng'ambo ikiwemo. Kura ya elfu tatu katika ngome haikuongeza hata mguu wa kiti.

Na gharama yake? Juni 1961 fujo zilianzia vituoni hapa mjini, zikaenea mashamba, na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu. Januari 1964 damu ikamwagika tena kwa wingi. Sisi hatuwezi kuyataja mahesabu tukayaacha makaburi. Jirani akishaitwa "kura ya wale", si mbali kuitwa adui.

Wale waliodhani mawe ndiyo yapigayo kura, na watueleze haya. Baada ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, na wengine wakaingia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Wakaaji wamegeuka, kuta ni zile zile. Hata hivyo mwaka 2010 jimbo hilo lilimchagua Ismail Jussa wa CUF, na wavivu wakasema tena, "Ndivyo walivyo." Walivyo nani? Wajukuu wa watu wengine kabisa!

Kwa hiyo, ndugu zetu wa matawi, kazi ni tatu. Kwanza daftari: kila mwenye haki aandikwe, awe wetu asiwe wetu. Pili mipaka: inapochorwa, hesabuni watu wa kila jimbo, mkapige kelele mapema, si baada ya matokeo. Tatu, vukeni Darajani! Wa Miembeni aende Malindi, wa Shangani aende Kikwajuni, abishe hodi, asikilize kabla ya kusema.

Chama kinachojivunia ngome kimekwisha jifungia ndani yake. Fungueni mlango, tutoke.