ASIKILIZWE KABLA YA KUFUKUZWA

Miongoni mwa maneno ambayo mfanyakazi huogopa kuyakuta katika barua ya mwajiri wake, hapana yanayozidi haya: "Tumepoteza imani nawe." Ni maneno machache, lakini hukata riziki ya nyumba nzima. Hayataji kosa, hayataji tarehe, wala hayamtaji shahidi. Sisi tunashikilia kwamba kupotea kwa imani ni jambo la kufikiwa mwishoni, baada ya tuhuma kutajwa na mtuhumiwa kujibu. Likitangulizwa, huwa limechukua nafasi ya mashitaka, ushahidi na hukumu kwa pamoja.

Natutoe mfano kutoka mbali na visiwa vyetu. Katika kata ya Msanzi, juu ya uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, mahindi ndiyo uhai wa wananchi. Tumfikirie mtunza ghala wa huko ambaye magunia yake, yakipimwa baada ya miezi kadhaa, yanakutwa na upungufu. Viongozi wanakutana jioni, na asubuhi anapewa barua. Huenda kweli ni mwizi. Lakini huenda pia mahindi yalipokewa yakiwa na unyevu na yakapungua uzito kwa kukauka. Huenda mizani ni mbovu. Huenda ufunguo wa pili uko mikononi mwa mtu mwingine. Anayeweza kuyaeleza hayo ni yeye mwenyewe, naye ndiye asiyeulizwa. Ndugu zetu wa Pemba hawahitaji kufunzwa jambo hili, kwani kila aliyewahi kuanika karafuu anajua kwamba uzito wa leo si uzito wa kesho.

Kazi na ajira si jambo la Muungano, na kwa hiyo kila upande una sheria zake. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Nambari 11 ya mwaka 2005. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(a), inatufunika sote: haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa, mtu huyo anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu.

Sheria ya Bara inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu halali, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinaueleza utaratibu huo. Uchunguzi ufanywe kwanza. Mfanyakazi aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa. Apewe muda usiopungua saa 48 wa kujitayarisha. Aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Na kikao kiongozwe na mtu asiyehusika na shauri lenyewe, isije ikawa ile kesi ya nyani ambayo hakimu wake ni ngedere.

Wako wakuu wa kazi wanaolalamika kwamba taratibu hizi zinawalinda wezi. Hatukubaliani nao. Mwajiri mwenye wasiwasi anaweza kumsimamisha mtuhumiwa kwa malipo wakati uchunguzi unaendelea. Mali inasalimika, na haki haivunjwi.

Madhara ya haraka tumeyaona wenyewe. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti. Kati ya watumishi 400,035 waliohakikiwa, 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na ikaamriwa waondolewe kazini. Mwenye kughushi hatumtetei hata kidogo. Lakini taarifa hiyo hiyo ilionyesha vyeti 1,538 vikitumiwa na watu 3,076, yaani kila cheti watu wawili. Karatasi peke yake haikuweza kusema nani kati ya wawili hao ndiye mwenye cheti. Aidha, mwaka 2018 Serikali iliagiza warejeshwe kazini watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 na ambao walikwisha kuondolewa. Kosa lilisahihishwa, nasi tunaipongeza Serikali kwa hilo. Hata hivyo, mtu anaporudishwa kazini, ada za skuli zilizokosekana na heshima iliyovunjika mtaani hazirudi kwa barua.

Somo hili si letu peke yetu. Mwaka 1958 kamati ya polisi ya mji wa Brighton, Uingereza, ilimfukuza mkuu wake wa polisi, Charles Ridge. Mahkama ilikuwa imemwachia huru, lakini jaji alitamka maneno ya kuutilia shaka uongozi wake, na kamati ikaona hayo yanatosha. Mwaka 1963 mahkama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilitamka kwamba kufukuzwa huko kulikuwa batili kwa sababu hakuelezwa tuhuma wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahkama Kuu, Dodoma, aliamua katika shauri la Gwagilo kwamba haitoshi kumstaafisha mtumishi "kwa manufaa ya umma" bila ya kutoa sababu.

Tunawaomba wakuu wa idara, mashirika na halmashauri wazingatie kwamba aliye Msanzi au Micheweni yuko mbali na afisi za usuluhishi. Kanuni za Bara zilimpa aliyeachishwa siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mtu asiye na mshahara, nauli na siku hizo humalizika pamoja. Ndiyo maana haki hapana budi ianzie pale pale kazini, kabla barua haijatiwa saini. Mwajiri amwite mfanyakazi wake, amweleze tuhuma, amsikilize, kisha aamue. Ikiwa baada ya hapo imani imepotea kweli, aiseme kwa maandishi pamoja na sababu zake, na wala hatakuwa na haja ya kuogopa kuulizwa.