Kila Ng'ombe wa Pemba na Mreno Wake

Makala ya safari kuhusu Pemba ina mapishi yake, na mie nshayajua hata kabla chungu hakijafunuliwa. Kwanza boti inafika Mkoani. Halafu harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara. Halafu ukijani: mwandishi atakukumbusha kwamba Waarabu wa kale walikiita al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kulifukua jina hilo. Halafu uchawi, lazima uchawi. Na kama msimu umemkubali, mchezo wa ng'ombe, na hapo ndipo anapoingizwa Mreno. Sentensi yake haibadiliki kutoka makala moja hadi nyingine: eti mchezo huu ni masalia ya Wareno waliotawala pwani hii. Nukta. Picha ya pembe, picha ya vumbi, mwandishi huyo kesharudi Unguja.

Nina ugomvi na sentensi hiyo. Si ugomvi wa mwanahistoria, kwani mie si mwanahistoria. Ni ugomvi wa msomaji. Ukishaambiwa kwamba mchezo umetoka Lisbon, huna tena haja ya kuuliza nani anautungia nyimbo, nani anaziimba, wala kwa maneno gani. Mlango umefungwa, na aliyeufunga anajiona kaufungua.

Wareno walikuwepo, hilo hakuna anayelikataa. Walifika mwishoni mwa karne ya 15, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698 nguvu zao huku kwetu zikavunjika. Wengine huongeza ufundi kidogo: Ureno fahali hauawi uwanjani kama Hispania, Pemba naye hauawi, kwa hiyo mnaona? Hoja tamu. Ila sheria ya Ureno inayokataza kumuua fahali uwanjani ni ya mwaka 1928, miaka 230 baada ya Ngome ya Yesu kuanguka. Huwezi kumrithisha Mpemba sheria ambayo Mreno mwenyewe alikuwa hajaitunga.

Mchezo ambao tuna ushahidi kwamba Mreno alituachia ni karata. Neno lenyewe ni lake. Turufu ni yake. Kopa, shupaza, uru na pau, zote zimeshuka kwenye merikebu zake, na mpaka leo wazee wanazipiga mezani (meza nayo ni yake) bila ya kujua. Mchezo wa kuletwa huja na maneno yake. Sasa hebu nenda Kengeja au Chwale siku ya ng'ombe, utege sikio toka asubuhi hadi jua linakuchwa. Ng'ombe, fahali, kamba, ngoma, zumari. Niliyoyasikia mie yalikuwa maneno ya Kiswahili cha shamba, na hata moja halikunuka Kireno. Hili halimfukuzi Mreno moja kwa moja. Ila linatosha kumtia wasiwasi mtu anayemwandika kwa uhakika ule.

Na kwa nini macho yote yaelekee Ulaya? Tazama bahari tuliyomo. Wabetsileo wa Madagaska wana savika, vijana wakimrukia ng'ombe na kuning'inia kwenye nundu yake. Watamil wa kusini mwa India wana jallikattu, msimu wa sikukuu ya Pongal mwezi Januari, nundu ile ile, ng'ombe wa aina ile ile. Sisemi mchezo wetu umetoka huko, kwani nitakuwa nafanya kosa la wenzangu kwa kubadilisha bandari tu. Nasema mwandishi aliyekuwa na bahari nzima ya kuuliza alimuuliza Mreno peke yake.

Mtaniambia: lakini hata Wapemba wenyewe husema hivyo. Kweli, husema. Mjomba wangu husema hivyo hivyo. Ila yeye akishalitaja jina la Mreno hunywa fundo moja la kahawa, halafu huendelea saa nzima: fahali fulani wa mwaka fulani, mwenye pembe moja imepinda, alivyomvua fulani kikoi mbele ya wakwe. Kwa mjomba, Mreno ni bismillahi ya hadithi. Kwa mwandishi wa safari, Mreno ndiye hadithi yote.

Mwaka juzi nilikaa karibu na wanawake kwenye mchezo mmoja kaskazini ya Wete, kwa sababu tu nilikuwa nimempeleka shangazi yangu. Fahali kafungwa kamba ndefu, vijana wanamchokoza kwa kitambaa, anawajia, watu wanapanda miembe. Kijana mmoja aliyekuwa amejigamba sana alipanda kwanza kuliko watoto. Kabla hajashuka, wanawake walikuwa wameshampa wimbo wenye jina lake, jina la mamaye, na aina ya muembe aliopanda. Ubeti wa tatu ulifika naye akiwa bado tawini. Watu tulicheka mpaka machozi.

Halafu wimbo ukageuka. Mama mmoja mtu mzima akaanza kumwimbia fahali mwenyewe, kwa sauti ya kubembeleza, akimwomba asihangaike na hawa watoto, bali atoke uwanjani amtafute mwenye mizani. Nilidhani ni utani. Shangazi akaniinamia: "Mwanangu, mizani ya karafuu hiyo." Miongo mingi mkulima wa Pemba alilazimika kuiuza karafuu yake serikalini kwa bei aliyopangiwa, na aliyejaribu kuivusha hadi Mombasa aliitwa mtu wa magendo. Mama yule alikuwa anamtuma ng'ombe afanye lile ambalo mkulima hakuweza. Mbele yetu alisimama bwana mmoja na kamera yake kubwa. Wimbo ulipofika kwenye mizani, yeye alikuwa anabadilisha lenzi.

Hiyo ndiyo hasara ninayoilalamikia. Fasihi ilikuwa inatungwa mbele ya macho yake, yenye kejeli, mafumbo na shabaha, naye kaja na jawabu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Uchawi nao una historia yake ya uvivu. Mwaka 1931 Evelyn Waugh, katika Remote People, alikieleza kisiwa chetu kama chuo kikuu cha wachawi ambacho wanafunzi hukijia kutoka mbali. Karibu miaka mia imepita na makala bado zinarudia, wengi wao pasina kujua wanamnakili nani. Na wenye pumzi fupi zaidi huandika kwamba Pemba "haijaguswa na wakati." Kisiwa kilichogeuka mzalishaji mkuu wa karafuu baada ya kimbunga cha 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja! Kisiwa ambacho, baada ya risasi za Januari 2001, watu wapatao 2,000 walipanda vyombo wakakimbilia Shimoni, Kenya! Wakati umekigusa, jamani, tena kwa mkono mzito.

Ningewasamehe wageni, wasio na lugha. Siwasamehi wanaoandika kwa Kiswahili, tena kwenye kurasa kama hizi zetu, wakaifasiri ile sentensi ya vitabu vya watalii neno kwa neno. Nyinyi mna sikio. Mnajua kwamba Pemba ni nchi ya Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa beti katika karne ya 19. Ilibidi tungoje hadi 2011 kuwasoma pamoja katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Na hao ni wanaume wenye majina, waliotunga kwa kalamu. Mama wa mizani hana kalamu, na sijaona anayemfuata.

Shangazi ameshaanza kusahau. Mwezi uliopita alinirudishia ule wimbo kwa simu, nikauandika, ukatoka na pengo katikati, beti mbili hazipo. Anasema anayezikumbuka ni shoga yake wa Kojani, na shoga yake hana simu.