Tuusome moshi wa dizeli kabla ya kuutoza faini

Moshi wa magari ya dizeli ni miongoni mwa mambo tunayoyalalamikia sana na kuyachunguza kidogo mno. Kila msako wa magari mabovu unapotangazwa, mabasi makuukuu hutoweka barabarani siku mbili tatu, kisha hurejea yakifuka vilevile. Mwenye gari ametoa faini, au ametoa kitu kingine, ilhali injini haijaguswa. Na hata ikiwa imeguswa, aghalabu kilichobadilishwa ni kifaa kizima, kile kibovu kikaachwa mahali pake.

Jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani. Mabasi na pikapu nyingi za shule zetu ni za dizeli, tena ni za miaka mingi. Kiwango cha KS 1515 huzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, lakini hakiligusi gari ambalo limekwisha kukaa humu miaka 25. Ni kweli kwamba tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni, na hatua hiyo yafaa kusifiwa. Hata hivyo, mafuta safi hayaponyi nozeli iliyokwisha. Mnamo Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Mtoto anayesimama nyuma ya basi kila asubuhi akingoja mlango ufunguliwe hana habari na tangazo hilo, ila mapafu yake yanayo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala sidai ufundi wa gereji. Lakini moshi ni mali yetu pia sisi wanaisimu. Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1914, alizigawa ishara katika makundi matatu, na mojawapo ni lile tunaloweza kuliita dalili, yaani ishara iliyofungamana na kisababishi chake kimaumbile, si kwa mapatano ya watu. Neno "ng'ombe" lingaliweza kuwa neno jingine lolote. Moshi haukuchaguliwa na mtu kuwa ishara ya moto. Kwa hiyo moshi hausemi uwongo; anayeweza kupotosha ni yule anayeutolea habari, na hapo ndipo lugha inapoingia.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu halisi vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine tumeziazima au tumezitoa katika majina ya vitu: kijani kutokana na majani, kijivu kutokana na jivu, samawati kutokana na mbingu kwa Kiarabu. Huo si upungufu hata kidogo. Brent Berlin na Paul Kay walieleza mwaka wa 1969 kwamba lugha zenye majina machache ya msingi ya rangi huwa na hizo hizo tatu kwanza. Taabu ni kwamba injini ya dizeli nayo ina moshi wa namna tatu, na si zile tatu za vivumishi vyetu. Upo mweusi, upo mweupe, na upo wa samawati. Huu wa mwisho, kwa kukosa kivumishi chake, humezwa na jirani yake. Dereva akiipigia gereji simu husema, "Inatoa mweupe." Fundi akisikia mweupe hufikiria maji, huing'oa silinda hedi na kubadilisha gasketi. Wiki mbili baadaye moshi ni uleule, maana kilichokuwa kikiungua ni oili.

Basi tuanze na mweusi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huishindilia hewa mpaka ikawa ya moto sana, kisha nozeli hurusha dizeli kwa mnyunyizo mwembamba, nayo huwaka yenyewe. Hewa huingia pasipo kizuizi. Dereva anapokanyaga ekseleta, kinachoongezwa ni dizeli. Dizeli ikiizidi hewa, kaboni hubaki bila kuungua, na hayo ndiyo masizi tunayoyaona. Maswali basi ni mawili: hewa imepungua wapi, au dizeli imezidi wapi? Anza na hewa, kwa kuwa ni rahisi na haina gharama kubwa: chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu, au mpira uliopasuka wa tabo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ndipo uziendee nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, na pampu iliyofunguliwa na mtu aliyetaka nguvu zaidi ya zile alizopewa na kiwanda.

Kuna na jambo la mwinuko, ambalo mafundi wengi hulisahau. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Gari la zamani lisilo na tabo, ambalo pampu yake ilipimwa pwani, litafuka mweusi likipanda Limuru hata kama halina ugonjwa wowote. Likibadilishiwa nozeli zote nne, atakayefaidika ni muuza nozeli.

Mweupe una sura mbili, na hakimu wake ni pua. Ule unaochoma macho na kunuka dizeli ni dizeli ambayo haikuwaka. Ukionekana asubuhi ya baridi kule Eldoret na kukoma injini ipatapo joto, zishuku kwanza plagi za kupashia joto. Ukidumu, mgandamizo wa hewa katika silinda umepungua, au dizeli inarushwa kwa kuchelewa. Sura ya pili ni mvuke wa maji. Huu haunuki dizeli, haukomi injini ikipata moto, na maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakovujia. Hapo gasketi inashukiwa kwa haki. (Rejeta yenye moto isifunguliwe kamwe.)

Samawati ni oili. Ukitokea kidogo baada ya gari kulala usiku kucha kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka. Ukizidi gari likivuta mzigo, ni ringi za pistoni, na hiyo ni kazi ya fedha nyingi. Wakati mwingine mkosaji ni tabo inayovujisha oili yake. Mintarafu ya moshi huu pana hatari ambayo madereva wa shule hawana budi kuijua: injini ya dizeli yaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe, ikapaa kwa kasi ya kutisha, na ufunguo usiizime, maana haiitegemei tena pampu. Huzimwa kwa kuzibiwa hewa, au kwa kutiwa gia ya juu huku breki zimekanyagwa barabara. Abiria wawe wamekwisha kuondoka karibu.

Wanafunzi wangu huijua mbinu ya kutenga fonimu. Tukitaka kujua kama /p/ na /b/ ni fonimu mbili, tunabadilisha sauti moja na kuziacha nyingine zote: pata, bata. Fundi hodari wa injini za zamani hufanya vivyo hivyo. Huilegeza nati ya mrija wa dizeli wa silinda moja injini ikinguruma. Mngurumo usipobadilika, silinda hiyo ilikuwa imelala. Moshi ukikoma, nozeli hiyo ndiyo yenye hatia. (Kazi hii si ya mwanafunzi. Dizeli iliyogandamizwa hupenya ngozi, na injini za kisasa haziguswi namna hiyo.) Fundi asiye na subira hubadilisha chujio, nozeli na gasketi kwa siku moja. Moshi ukikoma, hajui kilichouponya ni kipi, na mwenye gari hulipia vyote. Hesabu ya namna hiyo nimewahi kuletewa na gereji moja mjini, nayo ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri ajabu.

Kila shule yenye gari la dizeli ingefaa kuwa na daftari la moshi. Dereva asiandike rangi peke yake. Aandike injini ilikuwa baridi au moto, gari lilikuwa tupu au limejaa, lilikuwa mlimani au tambarare, moshi ulikaa hewani au ulitoweka, oili na maji viliongezwa lini na kiasi gani. Kuipambanua samawati na nyeupe, autazame moshi mbele ya ua au ukuta wa rangi ya giza, kwani mbele ya mbingu nyangavu ile samawati hupotea. Daftari hilo likitumiwa katika somo la fizikia au kemia, hakuna atakayepungukiwa.

Ukaguzi wa serikali nao una la kuongezewa. Mashine ya kupimia moshi huonyesha ni mwanga kiasi gani umezuiwa. Haionyeshi ni kwa nini. Karatasi anayopewa mwenye gari lililokataliwa ingekuwa na mistari mitatu ya rangi, wakati na harufu, fundi angejua pa kuanzia. Mistari hiyo haidai mashine mpya. Inadai mkaguzi atakayesimama nyuma ya gari dakika tano injini ikiwa baridi, na dakika tano nyingine ikiwa imepata moto.